Shamba la Kimo cha Kiti

Karatu,
9 Februari 2025

Kaka Vedasto,

Shikamoo. Mimi na Mama tupo, tunapumua, na anayetupa pumzi anajua sababu yake. Wifi Naishorua hajambo? Na watoto wanaendeleaje na baridi ya huko? Mwambie wifi maziwa ya mgando aliyompa Sakaya dereva yalifika, ila Sakaya alionja njiani, maana kibuyu kilikuja pungufu na yeye alikuja na sharubu nyeupe. Nilimsema, akacheka tu.

Naandika kwa sababu kwenye simu unakata. Nikitaja jina la Mama tu, mtandao wa Nainokanoka unapotea. Barua haina kitufe cha kukata. Utaisoma mpaka mwisho, na usipoisoma, Naishorua ataisoma kwa sauti.

Mama, tangu tumtoe hospitali mwezi wa kumi na moja, upande wa kushoto bado umelala. Mkono unaning'inia, mguu anauburuza. Kiswahili chote kimemtoka, kimebaki Kiiraqw peke yake, kwa hiyo nesi wa mazoezi anaongea naye kupitia kwangu, na nikiwa lodji nafua mashuka ya wageni, hawaongei kabisa. Daktari anataka kumwona mara kwa mara, ndiyo maana yuko hapa kwenye chumba changu cha kupanga, na kibaraza kinachotosha kiti na ndoo. Mtu aliyelima Endamarariek tangu usichana wake, sasa anakaa anautazama ukuta wa mwenye nyumba, Mama Eliamani, kuanzia asubuhi mpaka jua linazama.

Nesi alimpa mpira mdogo aubane kwa ule mkono mbovu ili upate nguvu. Aliuchukua kwa mkono mzima akautupa mpaka barabarani. Chakula akakataa. Uji nikimpa anafunga mdomo kama mtoto aliyeona kijiko cha dawa. Siku moja nikachoka, nikapiga magoti mbele yake nikamuuliza, Mama, unataka nini? Akasema, nataka shamba langu.

Basi nampa shamba. Ua wote hapa ni zege, hakuna hata pa kufukia mbegu ya pilipili. Lakini kwenda juu nafasi ipo, na juu bado hakuna anayepangisha. Nimekusanya viroba vya unga. Navijaza udongo, navisimamisha pembeni mwa kiti chake, natoboa ubavuni na kupanda mchicha kwenye matundu. Kiroba kikisimama kinamfikia kifuani akiwa amekaa. Hana haja ya kuinama, wala ya mikono miwili.

Udongo wa hapa mjini ni vifusi na vigae vya chupa, Mama aliupeleka puani akautemea maneno makali. Kwa hiyo Jumapili iliyopita nilipanda gari nikaenda nyumbani Endamarariek, nikachota udongo nyuma ya nyumba yetu, magunia mawili. Sikumwomba mtu ruhusa. Niliyoyaona huko sitayaandika leo, maana nitachana karatasi.

Unakuja lini kumwona?

Mdogo wako,
Marsela


Nainokanoka,
2 Machi 2025

Mdogo wangu Marsela,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku hatujambo. Ukungu unakaa mpaka karibu mchana, watoto wanakuja darasani wakiwa wamejifunga blanketi, na chaki inalowa kabla sijaandika nayo. Naishorua anakusalimu sana. Barua yako ilikaa kwa Sakaya chini ya magunia ya sukari, ikanifikia ikiwa tamu kwa nje na chungu kwa ndani.

Nimefurahi kusikia Mama anaendelea. Kuhusu chakula, jaribu ndizi za kuponda, alizipenda zamani.

Sasa jambo lenyewe. Baba mdogo Josephati alinitafuta kwa simu mpaka nikapanda kilimani kusaka mtandao. Amekasirika, na sijui nimlaumu vipi. Anasema uliingia kwenye boma kama mwizi ukaondoka na udongo. Maneno yake ni haya: udongo wa boma hautoki bila mwenye boma kujua, mwanamke akihama na udongo, amehama na boma. Mimi ni mwalimu, siamini kila kinachosemwa na wazee, lakini wewe unajua sisi tunalima wapi na tunazikwa wapi. Ardhi ya mtu haibebwi kwenye gari la abiria pamoja na kuku.

Ukoo umekaa. Wamesema, kama Mama anataka udongo, aje kwenye udongo. Baada ya Pasaka arudi nyumbani Endamarariek, mke wa Baba mdogo amtunze. Nami nimekubali. Mtu kwao, Marsela.

Tena hebu fikiri. Mama yetu, aliyekuwa anapalilia ekari akiwa na mimba yako, leo anachezea viroba kama watoto wanaopika kwenye vifuu? Majirani wanamwonaje? Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Tukubali hali ilivyo, tumheshimu kwa kumpumzisha.

Kuja kwangu kutakuwa kugumu muhula huu, tunaandaa mitihani.

Nakuombea katika Kwaresima hii.

Kaka yako,
Vedasto


Karatu,
20 Machi 2025

Kaka Vedasto,

Shikamoo, na salamu kwa wote. Mvua zimeanza, barabara ya kwetu imekuwa uji, na mashuka ya lodji hayakauki, kwa hiyo usishangae karatasi ikinuka sabuni.

Nimesoma yako mara mbili. Umejibu kila kitu isipokuwa kimoja. Niliandika kwamba nimeona jambo nyumbani, na wewe hukuuliza jambo gani. Mtu asiyeuliza anajua. Nitalifikia.

Kwanza nikuchekeshe, ingawa hustahili. Ule udongo wetu mwekundu, huo unaohama na boma, nilijaza kiroba nikaushindilia kwa mchi wa kinu, nikisema ukae imara. Wewe ungefanya hivyo hivyo, usijidai. Maji yalituama juu kama kwenye sufuria. Matundu ya juu yakachipua, ya chini hayakuona hata tone, miche ikafa mmoja mmoja. Nilipokichana kile kiroba, udongo ulibaki umesimama wenyewe, tofali zima lenye kimo cha mtu. Mama alilitazama, akanitazama, akacheka. Vedasto, alicheka! Kwa nusu ya mdomo, lakini machozi yalimtoka. Akasema, "Umenijengea kaburi la kusimama."

Mimi sikucheka, na hapo ndipo nilipofika. Siku ile nyumbani, nyuma ya nyumba, pembeni ya kaburi la Baba, nilikuta nyasi zimefyekwa upya na mawe yamepangwa pande nne. Nikamuuliza Baba mdogo hiki ni nini. Akasema, "Ni maandalizi tu, Vedasto anajua." Vedasto anajua! Mama anapumua, anatukana nesi, anachagua udongo kwa pua, na nyinyi mmeshapima urefu wake. Unaniambia apumzike. Sema neno lenyewe, mwalimu. Mnataka aje afe mahali penu, kwa wakati wenu, asiwasumbue.

Sasa sikiliza tulivyofanya baada ya lile tofali. Mama alianza kuamrisha. Udongo wa nyumbani sehemu moja, mchanga kidogo, samadi nyingi, ambayo nilienda kuzoa mnadani kwa ndoo huku watu wananishangaa. Halafu ujanja niliouona kwa akina mama wa jumuiya: unachukua kopo la rangi lisilo na kitako, unaliweka katikati ya kiroba, unalijaza kokoto, unazungushia udongo, unalivuta juu kidogo, unajaza tena, mpaka kiroba kinajaa na kokoto zimesimama katikati kama uti wa mgongo. Maji yanapita humo mpaka chini. Na hatushindilii tena. Nikigusa mchi tu, Mama ananinyooshea kidole.

Kwenye ukuta nimetundika chupa kubwa za maji ambazo lodji inazitupa. Nimezikata ubavu, nikazifunga kwa kamba moja chini ya nyingine, vifuniko nimevitoboa kwa msumari. Ukimwagilia ya juu, inadondoshea ya pili, nayo inadondoshea ya tatu, na chini kuna beseni. Unajua maji ya bomba Karatu yanavyokuja kwa maringo, hapa halipotei tone. Mama anamwagilia kwa kikombe chake cha chai, kwa mkono wa kulia, ule ambao haukuambiwa uchinje ng'ombe. Umeambiwa upande vitunguu, na umepanda.

Harudi Endamarariek baada ya Pasaka. Waambie ukoo nimekataa, na usipambe maneno.

Marsela


Nainokanoka,
4 Mei 2025

Mdogo wangu,

Amani ya Bwana. Pasaka yetu ilikuwa njema, tulichinja mbuzi, na Naishorua alikuwekea nyama ya kukausha ambayo Sakaya anapaswa kukuletea nzima. Watoto wanamuuliza bibi yao.

Nilikaa bila kujibu. Kila nilipochukua kalamu nilikuta kengele ya kipindi imelia.

Ulichokiona ni kweli. Lakini sikiliza upande wangu. Tulipomzika Baba, Mama mwenyewe alisimama pale akasema, nami hapa. Ulikuwepo, ulimsikia. Sasa ni dhambi gani kufyeka nyasi mahali mtu alipopachagua? Sisi si wachawi, Marsela. Baba mdogo ni mzee, anataka kuona mambo yamenyooka.

Hofu yangu nitaisema, kwa kuwa unaniita mwoga kila mstari. Naogopa afie kwenye nyumba ya kupanga. Naona jeneza la mama yangu likipitishwa chini ya kamba za nguo za wapangaji, mwenye nyumba akiuliza mtamaliza saa ngapi. Watu watasema Mwalimu Vedasto ana nyumba ya bati kwao na mama yake ametolewa kwenye chumba cha mtu. Hilo siwezi kulibeba.

Na kuna jambo. Sakaya ameniambia Mama alianguka. Anasema alimkuta ana jeraha kwenye paji la uso. Umeniandikia kurasa juu ya chupa na kokoto, na hilo hukuliandika. Kwa nini? Alipanda juu ya nini? Nani alikuwa naye? Wewe unafua mashuka, yeye yuko peke yake na bustani yako ya kuning'inia. Unamlinda au unashindana nami?

Huku hifadhini kulima hakuruhusiwi, mboga zetu zote zinapanda kutoka Karatu kwenye gari la Sakaya, kwa hiyo usidhani nadharau mboga. Nasema tu kwamba mama si mche.

Kuhusu kuja, tutaona likizo.

Vedasto


Karatu,
18 Mei 2025

Kaka,

Shikamoo. Nyama ilifika, na safari hii nzima. Mshukuru wifi, Mama alikula na mboga ya chainizi aliyoivuna mwenyewe. Mwambie pia viatu vya mtoto nimevipata, nitavituma.

Ndiyo, alianguka. Mimi nilikuwa kazini. Chupa ya juu niliitundika kwa kimo changu, si kwa kimo chake, nikajidanganya kwamba hataigusa. Mama na mmea unaonyauka! Aliinuka kuufikia, mguu ukamsaliti, akagonga paji kwenye ndoo. Mama Eliamani ndiye aliyemwinua. Niliporudi nikaona damu kwenye kitambaa, nikaingia ndani nikalia huku nimejiziba mdomo kwa mto asinisikie. Kosa lilikuwa langu na limenikaa hapa kifuani. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utakachofanya. Utachukua anguko moja ulifanye hukumu. Na umefanya.

Siku iliyofuata niliziteremsha chupa zote. Sasa hakuna jani linalozidi bega lake akiwa amekaa. Alianza kazi kabla sijamaliza kufunga kamba, na bandeji kichwani.

Halafu akaja Mama Eliamani na kidole mbele. "Dada, ukuta wangu unatoa jasho. Rangi inabanduka. Hiki ni chumba cha kulala, si shamba. Ondoa takataka zako." Nikaenda kushika ukuta, kweli, unyevu. Hapo alikuwa na haki, na mimi mwenye haki simbishii. Lakini kuondoa sikuondoa. Nimeokota mabanzi kwa fundi seremala, nikagongelea fremu inayosimama yenyewe, chupa zinaning'inia humo, na viroba nimevisogeza juu ya matofali. Nikamwita. Nikamwambia, mama, ukuta wako ule, pitisha mkono. Mboga zangu hizi. Havigusani. Alipitisha mkono. Akainama akatazama chini. Akaondoka. Hakusema ndiyo wala hapana, na hapana ndiyo niliyokuwa naingojea.

Unaniuliza namlinda au nashindana nawe. Vyote viwili, na sioni aibu. Mama anakula sasa. Anakula kwa sababu amepanda. Anapokata jani, ule mkono wa kushoto anaulaza juu ya kiroba kama jiwe la kuzuia, na wiki hii kidole gumba kimeanza kubana. Kidogo tu, bua la mchicha linateleza, lakini linabanwa. Mpira wa nesi haukufanya hivyo.

Kuhusu jeneza na kamba za nguo. Siku hiyo itakuja, kwake na kwangu na kwako. Ikija nitaanua nguo. Lakini sitamtoa Mama kwenye uhai wake ili wewe usione haya.

Miezi inakwenda na hujamwona tangu hospitali. Nadhani unamwogopa. Njoo hivyo hivyo na uoga wako. Ila uje kumwona, usije kumchukua.

Marsela


Nainokanoka,
10 Juni 2025

Marsela,

Salamu. Tuko salama.

Wazee wamefikia mwisho. Nimeongea na Sakaya, gari lake litakuwepo Jumamosi, tarehe 21. Baba mdogo Josephati ataongozana naye. Tumelaza godoro nyuma, atasafiri vizuri. Nina kikao cha shule siku hiyo, sitaweza kuwepo.

Fungasha nguo zake na dawa. Viroba wape majirani. Nakuomba usibishane na wazee mbele ya watu.

Naishorua anakusalimu. Hakubaliani nami, lakini anakusalimu.

Vedasto


Karatu,
21 Juni 2025

Kaka Vedasto,

Shikamoo. Wifi Naishorua mpe salamu zangu na pole zangu, yeye ndiye anayeishi na wewe. Watoto wabusu.

Leo ndiyo Jumamosi uliyoniandikia. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nikapanga kukaa mlangoni na mchi. Gari halikuja leo kwa sababu lilikuja jana, mimi nikiwa kwenye mashine za kufulia. Sikuulizi kama ulijua. Nitakuuliza siku tukiwa uso kwa uso, nikitazama macho yako.

Nakupa ilivyokuwa, kama nilivyosimuliwa na Mama Eliamani na Sakaya, maana mimi niliukuta mkia tu.

Mama alikuwa kwenye kiti chake anapunguza miche ya chainizi. Baba mdogo akaingia na kofia yake ya msibani, akamsalimia Kiiraqw, akamwambia, shemeji, tumekuja kukupeleka nyumbani, mahali pako tumeshapafyeka. Alilisema hivyo hivyo, kama mtu anayetangaza chakula kimeiva. Mama akajibu kwa Kiiraqw, maneno marefu. Sakaya, unajua, ni Mmaasai, Kiiraqw kwake ni upepo. Akauliza, "Mzee, bibi anasemaje?"

Baba mdogo akasema, "Anasema yuko tayari. Tumbebe."

Sakaya anasema moyo wake ulisita. Mama alikuwa amekizungushia kiroba mkono wake mzima, amekikumbatia, na majani yamemfunika mpaka shavuni. Akamwambia mzee, mtu aliye tayari hashiki hivyo. Baba mdogo akamjibu, huyo akili imepungua kwa maradhi, wewe shika miguu. Sakaya akaishika, na Baba mdogo akaushika ule mkono wa kushoto akauvuta.

Kelele zikamtoa Mama Eliamani ndani, mwiko mkononi, ugali jikoni. "Mzee, bibi wa watu anaenda wapi bila viatu?"

"Haya ni mambo ya ukoo, mama. Anakwenda kwao kwa hiari yake."

Mama akamtazama Baba mdogo, akaona huyu hatafsiri, huyu anasema yake. Akageuka akamtazama Sakaya. Mama Eliamani anasema midomo ilimtetemeka, shingo ikasimama mishipa, kama mtu anayevuta ndoo nzito kutoka kisimani. Akasema, "Sitaki."

Kwa Kiswahili, Vedasto! Neno ambalo sijalisikia kinywani mwake tangu mwezi wa kumi na moja. Akalirudia, ili Sakaya asikie na mwenye mwiko asikie na wapangaji wote waliotoka milangoni wasikie. "Sitaki. Nina kazi."

Sakaya akaiachia miguu, akarudisha mikono mgongoni. Akasema, "Mzee, mimi nabeba magunia, nabeba mbuzi. Mtu aliyesema sitaki sijawahi kubeba, na leo sianzi." Mama Eliamani akasimama mbele ya kiti na ule mwiko, akasema kwenye ua wake mtu habebwi kama mzigo, na kama ukoo una shida na huyu bibi ukae hapa uongee naye, viti vipo. Tena akaongeza, "Na usikanyage hizo mboga." Yule yule wa takataka! Nilipoambiwa hivyo nilitamani kumbusu, lakini si mtu wa kubusiwa.

Ndipo nikafika. Mama Eliamani alikuwa amenipigia simu, nikakimbia kutoka lodji na buti za mpira, mikono ina povu. Baba mdogo akaniona akapata pa kumwagia hasira. "Wewe binti, umemfundisha mama yako neno hilo."

Nikamwambia, "Baba mdogo, nimemfundisha miezi yote hii aseme maji, na hakusema. Hilo amelitoa mwenyewe."

Nikapiga magoti, nikamuuliza Mama, ulimwambia nini mwanzoni, yale maneno marefu? Akanieleza, nami nikayatafsiri kwa sauti, kila mtu asikie. Alikuwa amesema hivi: "Josephati, nilipoolewa kwenu nilikukuta unatambaa, nimekubeba mgongoni nikipalilia. Leo unataka kunibeba wewe, na hujaniuliza ninakokwenda. Pale mlipofyeka pandeni maharage. Ardhi haiachwi wazi wakati wa mtu kufa haujafika."

Baba mdogo alivua kofia. Kaka, nilijiandaa kwa matusi, hayakuja. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, wapangaji wakaanza kuona haya wakarudi ndani. Mama akampa kikombe chake chenye maji, akamwonyesha kwa kidole chupa ya juu. Mzee akamimina. Maji yakateremka chupa kwa chupa mpaka kwenye beseni, naye akayafuata kwa macho. Akauliza, "Hakuna yanayomwagika?" Nikamwambia hakuna. Aliondoka bila kuniaga mimi, lakini Mama alimuaga, kwa heshima zote za shemeji.

Nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Nataka ulijue hilo bila kulifunika. Ulituma gari kumbeba mama yako na wewe ukabaki na ubao na chaki. Ungekuja, angekutazama mara moja tu, na usingethubutu kulaza lile godoro.

Barua hii anapanda nayo Sakaya leo hii. Mama yuko hapa mbele yangu, kidole gumba cha kushoto kinabana bua la mchicha na cha kulia kinakata. Nimemwambia namwandikia Vedasto, una neno? Anasema nikuambie gari limerudi tupu. Likija tena lije limejaa samadi, na wewe ukiwa umekaa juu yake.

Mdogo wako,
Marsela